Suruali Isiyo na Kitambaa cha Akiba

Duka la Fundi,
Nyuma ya duka la rangi, karibu na soko.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chuma,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko? Kile kifua kimepona? Na wanafunzi wako wa bweni bado wanalalamikia maharage yako, au wamekubali yaishe? Sisi tunaendelea. Shemeji yako hajambo, Mama hajambo ila macho, na binti yetu wa mwisho anarefuka mpaka nashindwa kumshonea sare. Mimi nina nafuu, na hiyo nafuu ina habari yake, kwa hiyo vuta kigoda uketi.

Barua yako ilifika salama. Shemeji yako aliisoma kwa sauti, na ulipoandika kwamba nyayo zako zinawaka usiku, eti moto wa jiko la shule umehamia miguuni, tulicheka sana. Mama peke yake hakucheka. Nilidhani hakusikia vizuri.

Sasa sikia yaliyonipata baada ya hapo. Ulikuwa msimu wa sare za shule, na unajua msimu huo fundi hata kuoga ni kwa kuibia. Jioni moja nimeingia ndani, nimevua kandambili, binti yangu akapiga ukelele. Pini ilikuwa imetoboa kandambili na kuzama kwenye unyayo wangu wa kulia, damu imeshakauka. Mguu huo ndio niliokuwa nakanyagia cherehani tangu mchana. Sikusikia chochote, ndugu yangu, hata kuwashwa.

Nilitaka kuichomoa ninyamaze. Shemeji yako akakataa katakata, na kulipokucha akanitanguliza zahanati kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Daktari akanipima, akasema sukari imepanda kitambo na mishipa ya fahamu miguuni imeanza kufa. Akaniuliza, "Fundi, hukuona unavyonenepa?" Nikamjibu kwa moyo mweupe kwamba suruali zangu zote zinanitosha.

Na zilinitosha kweli. Unaijua desturi ya kazi yetu: ndani ya mshono tunabakiza kitambaa cha akiba, ili mteja akiongezeka mwili nguo ipanuliwe. Basi kila suruali yangu ilipoanza kunibana, nilifumua mshono nikaitanua kidogo, bila hata kufikiri, kama mtu anavyojikuna. Watu wengine huambiwa ukweli na suruali zao. Zangu nilizifundisha uongo mwenyewe. Nilipomweleza hayo daktari alicheka mpaka akavua miwani, halafu akawa hacheki tena. Alisema ganzi iliyokwisha kuingia huenda isitoke, ila mguu wenyewe naweza kubaki nao nikikubali kuishi vingine.

Chuma, niliogopa. Nilimwona Baba. Sisi tuliambiwa miguu yake imechoka, basi, na ilipofika siku ya kukatwa mmoja bado tukaambiwa imechoka. Haukupita muda akatutoka. Mpaka leo sikumbuki mtu yeyote wa nyumba yetu akiutaja ugonjwa ule kwa jina lake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tuliyaficha mpaka tukajificha wenyewe.

Nilipotoka zahanati nilikwenda moja kwa moja dukani, nikajipima kiuno bila huruma, nikashona suruali moja ya kijivu. Kitambaa cha akiba chote nilikikata nikakitupa kwenye kapu la vipande. Suruali hiyo haina pa kutanukia. Nikinenepa, nitembee na shuka. Hilo lilikuwa agano langu la kwanza, na nililiweka na mkasi wangu kwa sababu maneno yangu mwenyewe nilikuwa siyaamini tena.

Mwili niliukabidhi kwa kinyozi jirani. Yeye naye ana presha, basi tunatembea pamoja alfajiri kabla ya kufungua maduka, viatu vya kufunika vidole miguuni, kama alivyoagiza daktari. Mdomo wa kinyozi huyo haujui alfajiri wala jioni. Mwanzoni nilichoka na maneno yake kuliko na mwendo. Wauza mboga walitucheka, wakauliza tunamfukuza nani, na kinyozi akawajibu kwamba tunalifukuza tumbo la fundi na limetutangulia. Ila bandu bandu humaliza gogo. Siku hizi suruali ya kijivu inataka mkanda.

Kuhusu roho, nilijichunguza nikaona kwamba namkumbuka Mungu uzi unapokatika tu. Nilikuwa mwombaji wa dharura. Sasa kabla ya kugusa cherehani nafunga mlango wa duka, naketi kwenye kile kiti cha wateja, nasali bila kuomba kitu. Nashukuru tu. Nisikudanganye, siku za kwanza nilisinzia, na mteja mmoja akanigongea dirishani akidhani nimezimia. Lakini siku nikiiacha sala ile, hata mishono yangu huenda upande, na ulimi wangu kwa wateja huwa mkali.

La akili ndilo lililonishinda zaidi. Kumbe kwa miezi mingi nilikuwa nafunga duka na kubaki ndani peke yangu, nikimwambia shemeji yako kwamba kazi ni nyingi. Hakukuwa na kazi. Nilikuwa naketi nikitazama ukuta, kwa sababu nyumbani ningeulizwa nina nini, na nilikuwa sijui. Sasa tumekubaliana kwamba jioni nikirudi namwambia jambo moja linaloniogopesha, dogo au kubwa, naye asinipe dawa wala mawaidha, asikilize tu. Jioni ya kwanza nilishindwa kufungua mdomo. Ya pili nikamwambia naogopa kufa kama Baba, nikalia, mimi huyu. Alinishika mkono mpaka nikamaliza, halafu akaniuliza kama nitakula.

Usidhani nimekuwa malaika. Mteja alinialika harusi ya mwanawe, nikala keki, nikaongeza, nikaongeza tena, na kwa aibu sikutembea wiki nzima. Kinyozi akaja kunigongea. "Umeanguka, hujafa," akasema. "Vaa viatu, twende." Nimegundua kuwa kuanza upya ndiyo kazi yenyewe. Kuanza mara moja mtu yeyote anaweza.

Salamu zako ni nyingi. Binti yetu anasema usimsahau. Kinyozi anakusalimu ingawa hakujui, na anasema ukija atakunyoa bure. Shangazi naye anauliza utakuja lini, na nimechoka kumtungia majibu.

Limebaki la Mama, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kila jioni shemeji yako anaketisha miguu yangu kwenye kigoda, anamulika nyayo kwa tochi, anaangalia kati ya vidole kama kuna kidonda nisichokisikia. Majuzi Mama alisogea, akaomba aangalie na yeye. Kwa kuwa haoni, alipitisha kiganja, taratibu, unyayo mmoja halafu wa pili, kama aliyeifanya kazi hiyo zamani. Nadhani aliifanya, kwa Baba, na hakutuambia. Alipomaliza akafuta mikono kwenye kanga na kuuliza, "Na yule mwingine anaangaliwa na nani?"

Alikuwa anakuulizia wewe. Unaishi peke yako kwenye chumba cha wafanyakazi, nyayo zinawaka usiku, nasi tulikaa hapa tukacheka. Daktari ameniambia kuwaka huko huja kabla ya ganzi. Huenda kweli ni jiko, na nitafurahi kuchekwa. Lakini nenda ukapime kesho kabla ya kuinjika chungu, wanafunzi wasubiri uji. Tulikuita Chuma kwa sababu hukuugua utotoni, na nakuomba jina hilo lisikuue.

Mama bado anauliza kila jioni. Nipe la kumjibu.

Mungu akulinde kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo hizo.

Ni mimi kaka yako, akupendaye na akusubiriye,
Fundi