Kadi za Vizimba

4 Machi

Dada,

Ni mimi niliyewachanganya panya. Sijamwambia mtu mwingine.

Shikamoo. Shemeji na kifua chake anaendeleaje? Mama hajambo, anakusalimu.

Daktari wetu hapa maabara, yule tunayemwita Bibi Panya, anasema homoni ya kiume hudhoofisha kinga ya mwili, ndiyo maana madume huugua kuliko majike. Ili athibitishe, aliwahasi madume wa safu ya kushoto, wa kulia akawaacha walivyo. Ijumaa nilivishusha vizimba vyote kuviosha, safu zikachanganyika, kadi zikalowa, wino ukafutika. Ningeinua mikia tu ningejua. Lakini fundi wa maabara alisimama pale akicheka: “Haya bibi harusi, kagua wachumba.” Nikaona haya. Nikaandika kadi mpya kwa kubahatisha. Leo wameambukizwa ugonjwa, na sasa anayeruhusiwa kufungua vizimba ni fundi peke yake.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako anakohoa bado, ila kelele zake ni zilezile.

Wewe, panya hana haya, haya zote umejichukulia mwenyewe? Mwambie daktari leo. Atafoka, hatakumeza. Wakifa hao, utamwonyesha nini?

Dada yako

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini shemeji amepata nafuu. Mimi ni mzima, nadhani.

Barua yako ilinikuta nimeshasimama mlangoni kwa daktari mara tatu na kurudi. Siku niliyotumwa kupeleka mizoga tanuruni, niliinua mikia, mmoja mmoja, nikalinganisha na kadi. Nilikosea wote.

Matokeo yakatoka kinyume: kwenye karatasi, waliohasiwa ndio waliokufa zaidi. Wakubwa wakamwambia amekosea miaka tisa yote. Utafiti umefungwa. Aliondoka jana na boksi moja. Alinivua glavu kwa mikono yake, akasema, “Mwanangu, humu ndani ni wewe tu hukuniharibia kitu.” Nikajibu, “Asante, daktari.”

Hakukosea, dada. Alikuwa sahihi tangu mwanzo, na sasa hajiamini hata kusoma kipimajoto. Nimeandika barua ya kumweleza mara nne, na mara nne nimeichana. Siwezi. Najijua sasa.

Mama ameweka koti langu jeupe sebuleni wageni walione. Nakuomba, usimwambie. Usimwambie mtu yeyote.

Mdogo wako