Raga ya Wachungaji, Nyumbani kwa Baba Mkwe

Nyamisangura, Jumapili jioni

Mvua imenyesha mchana, sasa kuna kibaridi kizuri. Mgongo unauma kwa safari, lakini moyo umetulia. Tumerudi kutoka Ringwani, kwa wazazi wa mume wangu, Chacha.

Nikiri kwanza: sikutaka kwenda na tabla.

Ni ngoma mbili ndogo za Kihindi, zinapigwa kwa vidole. Nilijifunza nikiwa mtoto Tanga, kwa jirani yetu aliyekuwa akifundisha muziki. Chacha anapiga filimbi ya mwanzi, na muziki ndio uliotukutanisha. Lakini mkwe kupiga ngoma mbele ya mzee wa Kikurya? Tangu tufunge ndoa mwaka jana, baba mkwe hajawahi kuniambia neno zaidi ya "marahaba". Nilizifunga kwenye khanga, nikamwomba Chacha aseme ni sufuria.

Hakusema. Baada ya chakula akamwambia baba yake, "Mke wangu ana kitu, anataka ukisikie."

Nilimkata jicho.

Mzee akaitikia kwa kichwa tu. Nikapaka poda viganjani, nikakaa mbali naye kama heshima inavyotaka. Chacha akaanza peke yake, taratibu, raga, aina ya muziki wa Kihindi, iliyotokana na nyimbo za wachungaji wa milimani huko India. Mwanzoni filimbi haina mapigo, inatafuta njia yake. Mimi nasubiri. Nikaingia nimechelewa, nikakosea, kisha tukakaa sawa. Nikasahau niko wapi.

Tulipomaliza nikainua macho. Mama mkwe alikuwa ameacha kupepeta ulezi.

"Rudieni," mzee akasema.

Tukarudia. Safari hii alikuwa anagonga fimbo yake chini, sawasawa na mapigo yangu. Kisha akasimulia kuhusu kaka yake, aliyefariki wakiwa bado vijana, jinsi alivyokuwa akipiga filimbi namna hiyo akirudisha ng'ombe jioni. Chacha hakuwahi kusikia kwamba alikuwa na baba mkubwa.

Halafu mzee akanigeukia.

"Wewe binti wa Tanga, ulifundishwa na nani?"

Nikamweleza. Akauliza hili, akauliza lile, mpaka chai ikapoa.

Wakati wa kuaga nikaanza kufunga tabla. Akanizuia. "Ziache hapa. Ukija tena usihangaike na mzigo."

Sina nyingine. Nikamwangalia Chacha, naye akaangalia pembeni akitabasamu.

Nimeziacha.

Sasa hivi naandika kidogo, nagonga meza ya jikoni kidogo, na Chacha analalamika kwamba chai inamwagika. Mwezi ujao tunaenda tena Ringwani. Nadhani mimi ndiye nitakayemharakisha avae viatu.