Taa Alizotengeneza Baba

Nyumbani,
Jumapili, 14 Desemba.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Hamjambo wewe na wifi? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepoa? Sisi huku hatujambo, ila kuna jambo limeninyima raha, na sijui nimwambie nani kama si wewe.

Mwaka huu ukumbi wa mtaa ulinunua taa ndogo za LED za kupambia sikukuu. Zilipofunguliwa, nyaya kumi na mbili zilikuwa mbovu: nyingine nusu zinawaka nusu giza, nyingine hata dalili hamna. Katibu wa ukumbi akaja mbio kwa Baba. Unamjua Baba, ufundi umeme hajaustaafu hata kidogo. Akazipokea zote na kuzimwaga juu ya meza ya kulia, sisi tukawa tunakula tumepakata sahani.

Siku ya kwanza alitengeneza tatu, na hakuna hata moja iliyowaka. Akalaumu kiwanda, kisha akanilaumu mimi kwa kumsemesha. Nilipozikagua jikoni nikakuta taa mpya alizoweka zimegeuzwa. Kila taa ina mguu mrefu na mguu mfupi, ukiiweka kinyume haiwaki. Hayo alinifundisha yeye mwenyewe nikiwa na miaka tisa.

Kesho yake nikakaa karibu naye nikijifanya nakunja nguo, nikamwona anaipapasa ile miguu kwa ncha ya kidole. Alasiri akachomeka plagi ya waya aliouunga vibaya. Cheche zikaruka, umeme ukakatika nyumba nzima. Hakuumia, lakini mimi tangu siku hiyo nikisikia swichi nashtuka.

"Baba, huoni?" nikamuuliza.

"Naona. Vitu vidogo tu ndivyo vinavyonikwepa."

"Tangu lini?"

Akaokota waya mwingine. "Usimwandikie kaka yako."

Ndiyo hivyo nakuandikia.

Zilizobaki tulizifanya pamoja, yeye akielekeza, mimi nikilehemu. Alinigombeza kama zamani, nami nikafurahi kugombezwa.

Jana jioni ziliwashwa. Nyaya zote kumi na mbili zikawaka, watu wakapiga makofi, katibu akamshika Baba mkono. Yeye akaniinamia sikioni, akauliza polepole, "Zimewaka zote?"

Kaka, tulikuwa tumesimama chini ya taa zenyewe.

Leo asubuhi nimemwambia Alhamisi tunakwenda kwa daktari wa macho. Hakubisha. Baba kutobisha ndiko kunakonitisha kuliko zile cheche.

Mpigie simu, tafadhali, ila usimwonyeshe kwamba unajua. Mwulize habari za taa, mwache aringe kidogo.

Msalimie sana wifi, na mapacha waambie shangazi yao amewakumbuka. Mama mdogo anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Mungu akutunze huko uliko, na Alhamisi atuonee huruma.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda