Vidonge vya Bakuli Moja

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na natumaini kile kikohozi kimeshakuachia. Mimi ni mzima wa mwili. Wa roho, usiulize. Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za nyumba hii unazijua, na Mama akilala husikia kuliko akiwa macho.

Kila ukipiga unaniuliza Mama anapewa dawa gani kwenye ule utafiti. Nikisema sijui unanuna, kana kwamba nakuficha. Kaka, sijui kweli. Daktari alitueleza tangu mwanzo kwamba wagonjwa wote wanaendelea na vidonge vyao vya presha na vya kupunguza maji mwilini, halafu nusu wanaongezewa dawa mpya ya moyo, na nusu wanapewa kidonge kinachofanana nayo ambacho ndani hakina kitu. Nani kapewa kipi, hata yeye hajui, mpaka utafiti uishe. Mama alicheka mpaka akakosa pumzi. Njiani akaniuliza, huyu kasoma miaka yote ile ili asijue anachonipa?

Kule kliniki ndiko alikopata shoga, yule mama muuza sabuni niliyewahi kukutajia, mwenye maneno mengi kunishinda mimi, na unajua hilo si jambo dogo. Wote wawili miguu imevimba, wote wanalala wameegemea mito. Walishibana haswa. Kila wakitoka dirisha la dawa walikwenda kwake kunywa chai, mimi naambiwa nitangulie nyumbani. Nilifurahi, nikidhani wanasengenya tu.

Wiki iliyopita mama muuza sabuni alifariki. Alizidiwa kabla ya kufikishwa hospitali. Tulipotoka kuzika, Mama akavua kitambaa cha kichwa, akakaa kitandani, akaniambia jambo ambalo hadi sasa sijui nilipeleke wapi.

Kumbe chai ilikuwa kisingizio. Walikuwa wanamimina chupa zote mbili za utafiti kwenye bakuli moja, wanachanganya kwa mkono, kisha wanagawana sawa. Walikubaliana kwamba kama mmoja wao kapewa dawa yenyewe, basi wapate wote, hata kama ni nusu nusu. Hakuna aliyewashauri. Waliona ni ubinadamu tu.

"Kama dawa ilikuwa yake," akaniambia, "basi uzima wake nimeula mimi."

Tangu hapo hamezi chochote, hata vile vya presha. Miguu imejaa tena, nikiibonyeza kidole kinaacha shimo. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimelia mbele yake. Nilikwenda kwa daktari nikamweleza yote. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema Mama itabidi atolewe kwenye utafiti, ila tiba yake ya kawaida ipo palepale, na akiendelea kuikataa hatufiki mbali. Nikamwomba anitazamie chupa ipi ilikuwa na dawa. Alisema hana uwezo huo, na hata angekuwa nao, bado hakuna anayejua kama dawa yenyewe inasaidia, ndiyo maana wanaichunguza. Nilitoka nikasimama kwenye korido, sijui nishike njia ipi.

Sasa nikwambie nililofanya. Nilirudi nikamwambia Mama kwamba daktari ameangalia, na dawa ilikuwa kwenye chupa yake yeye, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akimgawia mwenzake. 

"Chiriku," akasema, "tangu utotoni ukidanganya unashika sikio."

Nilikuwa nimelishika. Akageukia ukutani, na hajanigeukia tena.

Wewe ulikuwa ukivunja vyombo, mimi nachapwa. Hajawahi kukukamata hata siku moja. Njoo, kaka. Usimwambie nimekuandikia. Mwambie umepitia kliniki mwenyewe, umeongea na daktari, na dawa ilikuwa kwenye chupa yake yeye Mama. Sijui kama ni kweli, na hakuna wa kutuambia. Lakini akiisikia kwako huenda akameza, na mimi sina kingine cha kujaribu.

Nisalimie wifi na watoto. Mama hajui kama nakuandikia, ila mlango ukigongwa anainua kichwa na kuuliza kama ni wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku