Mafuta ya Muhonja

Jumatatu, 1 Februari 1999

Nimekamua, nimechemsha chai, nimemwamsha Muhonja. Shati ya mikono mirefu, soksi mpaka magotini, kofia ya baba yake. Kofia inamzidi kichwa. Nimeishonea kamba ya kufunga chini ya kidevu. Amelia kidogo. Darasani wanacheka ile kamba.

Kidonda cha sikio bado. Tangu Krismasi. Kinakauka, kinapasuka, kinakauka tena.

Muhonja ni zeruzeru. Huwa siandiki hilo neno, lakini hapa hakuna wa kunisikia. Ana miaka tisa. Wiki iliyopita daktari wa hospitali ya Mukumu alilishika lile sikio akalitazama muda mrefu. Alisema jua ndilo linamla. Apakwe mafuta ya kuzuia jua kila asubuhi, maisha yake yote. Akanipa tyubu moja, hakuwa na nyingine. Itaisha kabla ya Pasaka.

Nimezunguka maduka ya dawa Kakamega yote. Hakuna. Muuzaji mmoja alisema yanatoka Ulaya, akaniuliza mimi nayatakia nini, kwani mimi ni mzungu.

Naogopa.

Alhamisi, 4 Februari

Mdogo wangu Phanice amekuja kwetu Iguhu na mkate na gazeti. Anafanya kazi mjini, kwa ile ofisi ya simu na kupiga chapa. Wameleta kompyuta inayopeleka barua ng'ambo kwa dakika. Anasema huko ndani kuna maduka. Unaagiza, wanafunga, wanatuma kwa posta.

Mimi niliacha shule darasa la nne. Mama alikufa, Phanice alikuwa na miezi minane, mtu wa kumbeba mgongoni ni mimi. Kuandika nilijifunza tena kwa ngumbaru, masomo ya watu wazima, nikiwa tayari na watoto. Yeye alifika kidato cha nne. Sijawahi kuona uchungu juu ya hiyo. Nikimwona amevaa viatu vya ofisi nafurahi kama ni mimi nimevaa.

Jumamosi, 6 Februari

Nimeenda mjini kuona hayo maduka. Nilidhani nitaona duka. Ni maandishi.

Duka la kwanza halitumi Afrika. La pili linataka kadi ya benki, na kadi hiyo hapa hakuna mtu anayo. Lingine Phanice alilikataa mwenyewe, eti linaahidi sana. La mwisho ni duka dogo la dawa Uingereza, la mama mmoja anaitwa Doroti. Yeye anakubali hundi ya benki kwa posta ya rejista.

Nikamwambia Phanice aulize kwanza. Doroti ni mtu wa wapi. Ana watoto wangapi. Duka lilikuwa la nani kabla yake. Hata mtamba sinunui bila kuona mama yake, nitamtumiaje pesa mtu nisiyemjua hata uso?

Phanice alicheka mpaka akashika meza. "Dada, hii si soko ya ng'ombe Khayega."

"Uliza tu."

Akaandika. Mama mwenye ofisi naye alikuwa anacheka kule nyuma.

Jumatano, 10 Februari

Doroti amejibu. Ni mjane. Vijana wawili, mmoja ni dereva wa treni. Duka lilikuwa la baba mkwe. Hakukasirika kuulizwa. Na yeye akauliza jina la mtoto, na kama kidonda kinauma usiku.

Nimempenda. Phanice alinisomea mara mbili.

Baba Muhonja amekubali tuuze mtamba. Alituma neno kutoka Butali, anakokata miwa. Alisema mtamba atazaliwa mwingine.

Shida ikabaki anwani. Sisi hatuna sanduku la posta. Sanduku la kanisa barua zinapita mikono mingi, na mwaka jana ya Mama Shikuku ilifika imefunguliwa. Sanduku la shule mwalimu mkuu anasoma kila kitu. Nikaamua sanduku la Phanice. Damu yangu. Nimelala vizuri leo mchana, kitu sifanyangi.

Jumatatu, 1 Machi

Hundi imefika kwa Doroti. Ametuma chupa kumi na mbili. Phanice ameambiwa kwa kompyuta. Wiki tatu, labda nne.

Nimemwambia Muhonja. Aliuliza kama akipaka ataweza kuvua kofia. Nikasema tutaona.

Ijumaa Kuu, 2 Aprili

Tyubu imeisha juzi. Nilikata kwa wembe nikakwangua ndani.

Njia ya Msalaba imeanza saa nne, kutoka kanisani mpaka kilimani. Nilimwambia abaki. Akasema Yesu hakubaki. Tumetembea na mwavuli lakini upepo ulikuwa mkali. Kufika kituo cha tisa shingo yake ilikuwa nyekundu kama nyama. Sasa amelala kifudifudi, nimemwekea kitambaa cha maji.

Sikio limetoa damu.

Mzigo bado.

Alhamisi, 15 Aprili

Nimeenda tena mjini. Mara ya tano. Phanice ameniambia kwa upole nisiendelee kutumaini. Wazungu wa kompyuta ni wengi wa hivyo, wanakula pesa za watu wa mbali wasioweza kuwafuata. Alinishika bega. Alininunulia soda.

Nilisikia joto hadi masikioni. Nikamwambia andika. Andika Doroti ni mwizi. Andika ameibia mtoto mgonjwa, na Mungu anaona mpaka Uingereza. Phanice aliandika huku ametulia. Nikatoka nikiwa mwepesi kidogo.

Jumapili, 18 Aprili

Nimesimama mbele ya akina mama baada ya misa nikawaonya. Msitume pesa kwa maduka ya kompyuta. Nimetaja jina la Doroti. Mama Shikuku akasema mjane wa kizungu anaweza kuwa mbaya kuliko mjane wetu. Watu walicheka, na mimi nilicheka.

Wakati wa sala niliomba duka lake likose watu. Nimeomba hivyo kweli.

Jumatatu, 3 Mei

Phanice anasema Doroti hajajibu.

Kidonda kimekuwa na kingo ngumu. Nasaga majani ya mti ambao Mama Shikuku alinionyesha. Haisaidii. Muhonja hasemi kama inauma, na mtoto asiyesema ananitisha kuliko anayelia.

Phanice amepata saluni ndogo karibu na soko, anafungua jioni na Jumamosi. Nashukuru. Mtu mmoja kwetu anapanda.

Jumapili, 23 Mei

Nitaandika polepole.

Baada ya misa tulikaa chini ya ukuta kusubiri mkutano wa akina mama. Mama Shikuku amekuja uso mweupe kama amejipaka unga wa mhogo. Mmoja akamuuliza amekosana na kioo cha nyumbani.

"Ni mafuta ya kung'arisha," akasema. "Ya Ulaya yenyewe. Napaka wiki ya tatu, bado mimi ni yule yule."

"Ulitaka kuwa mzungu wa Iguhu?"

"Hata nusu mzungu ningekubali. Nimelipa."

Wakacheka. Akalalamika kabisa kwamba ameibiwa, kwamba kitu kimoja tu hiyo mafuta inafanya, ukilima mchana jua halikuchomi. Unarudi nyumbani ngozi kama uliyotoka nayo.

Nikamuuliza amenunua wapi.

Akanitazama kama mimi ndiye sijui. "Si kwa Phanice wako? Anapima kwa vichupa. Wanawake wanapanga laini."

Sikungoja mkutano. Nimeshika Muhonja mkono tumekuja nyumbani. Aliniuliza kwa nini natembea haraka.

Jumatatu, 24 Mei

Nimefika ofisini saa ya chakula. Phanice hakuwepo. Nikamwomba mama mwenye ofisi anisomee barua za Doroti. Zote. Alisema hizo ni za Phanice. Nikamwambia ni za mtoto wangu. Akanitazama, akafungua kompyuta, akazitoa kwa karatasi.

Alinisomea moja baada ya nyingine kwa Kiswahili. Kwenye droo ya Phanice akapata pia karatasi ya posta: mzigo wa kwanza ulifika Machi. Phanice alitia sahihi posta. Barua yangu ya hasira haikwenda. Hakuna neno mwizi popote. Kuna barua nyingine, imeandikwa kama ni mimi: mzigo haujafika, kidonda cha Muhonja kinazidi, kila siku kinatoa damu, tafadhali mama nisaidie. Doroti akajibu siku hiyo hiyo. Anasema labda umepotea njiani, anatuma chupa zingine kumi na mbili, asilipwe kitu. Alisema anamwombea Muhonja kwa jina.

Aliomba kwa jina. Na mimi nikaomba duka lake lianguke.

Phanice aliingia akiwa na chipsi kwenye karatasi. Aliona karatasi mezani akajua. Hakukana. Kama angekana ningepata mahali pa kushika.

Alisema, "Dada, ya kwanza nilitaka kutoa chupa mbili tu nianzie saluni. Watu waliipenda."

Nikakusanya zile karatasi.

"Ya pili nilikuwa nikuletee. Kweli nilikuwa nikuletee."

Nikazikunja.

"Muhonja ana kofia."

Hapo nilitoka. Nilisimama barabarani sijui nimesimama kwa nini. Chipsi zake zilikuwa zinanukia mpaka nje.

Jumanne, 25 Mei

Sikwenda shamba.

Mimi ndiye nilimfundisha kutembea. Kutoka jikoni mpaka kwa mti wa parachichi, mikono yangu mbele yake, narudi nyuma, narudi nyuma.

Ijumaa, 28 Mei

Baba Muhonja amekuja kutoka Butali. Nimemwambia yote. Alitaka kwenda polisi. Kisha kwa wazee. Kisha akakaa kwa kiti na kuvua viatu. Anasema ni mimi niseme, sababu ni ndugu yangu. Ningependa aseme yeye.

Jioni Phanice ametuma mfuko na mtu wa boda ya baiskeli. Hakuja. Ndani ni chupa nne. Tatu zimefunguliwa, amechanganya na mafuta ya mgando ili ziwe nyingi. Hizo sitampaka mtoto. Moja ina kifuniko chake.

Chupa moja kati ya ishirini na nne.

Jumatano, 2 Juni

Mukumu. Daktari amekata kipande cha juu ya sikio, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Kimepelekwa kupimwa. Alisema tumekuja, hiyo ndiyo ya maana. Aliuliza mafuta yalienda wapi. Nikasema yalichelewa.

Sijui kwa nini nilimficha. Aibu ni ya nyumba yetu yote, hata mimi niliyeibiwa.

Muhonja amefungwa kitambaa kichwani. Alijitazama kwa kioo cha dirisha akasema sasa wana kitu kipya cha kucheka, wataacha kamba. Nilicheka nikaenda nje.

Halafu akauliza Mama Mdogo hajui kwamba yuko hospitali? Kwa nini hajakuja? Yeye huleta maandazi.

Nikasema ana kazi.

Hiyo ni mara ya pili nadanganya kwa ajili ya Phanice siku moja.

Jumatatu, 14 Juni

Kipande kimerudi. Ugonjwa mbaya ulikuwa umeanza, lakini wamekata wote. Daktari alirudia neno wote mara mbili, kwa sababu aliona nimekaa chini. Ngozi nyingine iko sawa. Arudi kila baada ya miezi mitatu. Na mafuta, mama. Mafuta.

Nimeshukuru Mungu. Pia nimekasirika, vyote viwili ndani ya mwili mmoja. Kama tungalingoja mpaka mavuno ya mahindi.

Mama Shikuku ameniletea kichupa chake, kimebaki nusu. Amekiweka mezani. Amenawa uso, ni mweusi wake wa kawaida, mzuri. Nilimwambia hivyo.

Alhamisi, 17 Juni

Nimemwandikia Doroti kwa mkono wangu. Katekista atanigeuzia kwa Kiingereza. Nimesema mizigo yote miwili ilifika. Nimesema wa pili nitalipa, anipe muda. Nimesema Muhonja amekatwa sikio kidogo, sasa anaendelea. Kuna mahali niliandika kwamba nilimwombea mabaya, anisamehe. Katekista atashangaa. Ashangae.

Ya Phanice sikuandika. Nilisema kulikuwa na shida huku kwetu.

Mwisho nimeomba chupa zingine. Nikafika mahali pa anwani nikaweka kalamu chini. Nilihesabu watu wote ninaowajua wenye sanduku. Ni watu wazuri. Mmoja mmoja ninamwona usoni, naona ni mzuri, na siwezi.

Jumatatu, 21 Juni

Nimeenda posta mjini kukodi sanduku langu mwenyewe. Baba Muhonja anasema ni gharama kwa watu wanaopata barua moja kwa mwaka. Nilimwambia sawa, ni gharama.

Nilipita mbele ya ofisi ya Phanice. Alikuwa anapiga chapa. Hakuinua kichwa. Ama aliinua nikiwa nimeshapita.

Karani wa posta ni kijana mpole. Nilijaza fomu mwenyewe, herufi kubwa, alingoja. Jina. Kijiji. Kitambulisho. Halafu kuna mstari wa mtu wa pili, anayeruhusiwa kuchukua barua na mizigo kwa niaba yako. Nimeuacha wazi nikamrudishia.

Akanionyesha kwa kidole. "Mama, hapa umesahau."

"Sijasahau."

"Na ukiugua?"

Nikamwambia nitakuja hivyo hivyo mgonjwa.

Alicheka, akagonga muhuri, akanipa ufunguo. Nje kulikuwa na mawingu. Muhonja alikuwa ananingoja kwa ngazi, kofia mkononi, nikamwacha atembee nayo hivyo mpaka jua litoke.