Mwenye Mashine Ndiye wa Mwisho Kusikia

Bombambili, Songea
Jumapili, mahindi mabichi yamejaa sokoni

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Ya Mama mfikishie kwanza, kabla hujaipokea yako, na umwambie nimeiandika nimepiga magoti, ingawa magoti yangu siku hizi yakishapigwa hayanyanyuki mpaka nishike meza. Mnaendeleaje? Mama anakula? Usingizi anapata, au bado anakesha na tasbihi mpaka adhana? Huku tu wazima wa mwili. Mwanaidi alibanwa na kifua kwa baridi ya huku, sasa hajambo. Mimi mdogo wako nanenepa katika majonzi, maana majirani zangu Wangoni hawaamini kwamba mfiwa anaweza kushiba.

Simu ya dukani ilikatika kabla sijakujibu. Uliniuliza mawili. La kwanza lilikuwa lako: habari ya mdogo wetu Misi niliipataje mimi niliye huku milimani, wakati ninyi mlio karibu na bandari hamkusikia kitu. La pili ulitumwa na Mama: je, mwanawe alijua kwamba tunamtafuta? Nilisikia ulivyolitamka hilo la pili, dada, nikajua Mama amesimama nyuma yako ameshika kanga yako. Siku ile sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Soma barua hii peke yako kwanza, kisha utapima cha kumsomea.

Unaikumbuka redio ya marehemu Baba, ile niliyoifungua ili niisafishe, ikaishia kuwa sanduku la kutagia kuku? Basi mtu huyo huyo ndiye aliyekabidhiwa kompyuta ya kituo cha walimu. Wafadhili waliileta, wakatuonyesha siku chache, wakapanda gari lao. Wakubwa wakatazamana, wakamtazama mwalimu wa hesabu mwenye mvi. Ndivyo nilivyopata cheo.

Kazi ya mashine hiyo ni kama ubao wa matangazo. Tuseme mtu wa Mtwara amebandika tangazo lake. Mashine ya Mtwara inaipigia simu mashine ya Dar es Salaam na kuipa nakala. Usiku, simu ikiwa rahisi, yetu nayo inaipigia hiyo ya Dar es Salaam na kuiuliza, una nini ambacho mimi sina? Inachukua, inatoa na yake. Kunapokucha, ubao wa Songea na ubao wa Mtwara unasomeka sawasawa, na Mtanzania aliye Ulaya akitaka anausoma vilevile. Mbao ziko nyingi, kila ubao na mambo yake. Sisi tuliomba chache tu: wa mikoa ya kusini, wa walimu, na wa Watanzania walio ng'ambo. Mashine inayozitunza inaitwa seva. Mwanaidi anaiita mke mwenza.

Usidhani ilikubali mara moja. Mvua ikinyesha, waya wa simu unakaanga kama sambusa. Na mwanzoni nilikosea tarakimu moja ya namba, ikawa kila usiku mashine inampigia katekista mmoja mstaafu. Mzee wa watu akiinua simu anasikia inalia kwa mluzi na kukoroma. Akadhani ni mgonjwa wa pumu anayeshindwa kusema, akawa anamwombea mpaka simu ikatike. Nilipokwenda kumwomba radhi alisikitika. "Kwa hiyo hakuna aliyepona?" akaniuliza.

Watu niliwaambia mashine hii italeta bei za mahindi na korosho, na kweli ililetwa kwa hayo, maana tangu soko liwe huria kila mnunuzi anakuja na bei yake mfukoni. Lakini wewe ni dada yangu. Niling'ang'ania ubao ule wa walio ng'ambo kwa ajili ya Misi. Tangu kiwanda kiuzwe akapunguzwa kazini, akapanda meli, akatuletea ile barua moja ya majigambo kutoka Uholanzi, unajua mwenyewe kimya kilichofuata. Nikabandika: namtafuta mdogo wangu Hamisi, kitinda mimba wa mama yetu wa Muheza, mwenye kumjua amwambie aandike. Diski yetu ni ndogo, matangazo yakikaa wiki mbili tatu mashine inayafuta yenyewe. Langu likifutwa, nalibandika tena. Na kwenye ubao wa kusini, kwa kuwa hapo mwanzo hakuna aliyekuwa akiandika na ubao mtupu ni aibu, nikawa naandika ya kwetu huku: mvua, mbolea iliyochelewa, baiskeli ya Komba isiyo na breki, jinsi nilivyoanguka nayo mbele ya wanafunzi wangu.

Komba huyo ndiye mwenzangu kazini. Amejitangazia kuwa ni mtani wangu. Utani wa Mngoni na mtu wa Tanga aliutoa wapi sijui, ila hakosi kunitukana kila asubuhi kabla ya chai, na nisipotukanwa naona siku haijaanza. Kwa kuwa kompyuta ni moja na wasomaji ni mji mzima, Komba ndiye anayechapa matangazo yote ya usiku na kuyabandika ukutani nje ya mlango wa kituo. Zamani tulikuwa tunayasoma na kuchagua. Wafanyabiashara wakanuna, wakasema tunaficha bei tuwape jamaa zetu. Nikapitisha sheria, na ilikuwa yangu mimi, nikaisema kwa sauti kubwa: kila kilichokuja usiku kibandikwe kabla ya soko kufunguliwa, bila kusomwa na mtu. Komba akasema, "Mtani, leo umesema la maana, nitakwenda kupima homa."

Siku yenyewe sikwenda kituoni. Nilidamkia Maposeni kuwaeleza walimu wa huko habari za mashine. Walinisikiliza kwa adabu, wakaniuliza kama inaweza kuleta mishahara, nikasema bado. Wakanipa kiroba cha mahindi mabichi. Nikapata lifti ya lori, nikashuka barabarani, nikajitwika kiroba kichwani na kushika njia ya nyumbani, nawaza mahindi ya kuchoma.

Nikaona mabenchi nje ya nyumba yangu. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi, wanawake wamejifunga kanga viunoni, moto unawaka chini ya sufuria kubwa ambayo si yetu. Nikajiambia kuna msiba kwa jirani na nafasi kwake imekuwa finyu. Wakaniona, wote wakasimama. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Leo napokelewa kama mbunge!"

Hakuna aliyecheka. Mama Ngonyani, jirani yetu wa mlango wa pili, akaja akanitua kiroba. Nikamtafuta Komba kwa macho, nikamwona ameegemea nguzo ya baraza.

"Mtani," nikamwambia, "nani amekufa? Kama ni wewe, mbona umesimama?"

Dada, Komba alilia. Mtu mzima, mrefu vile, alilia kama mtoto aliyechapwa. Mtani kazi yake msibani ni kuwakejeli wafiwa mpaka wacheke, wenye utani wanajua. Huyu wa kwangu alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, akasema, "Mwalimu." Hajawahi kuniita Mwalimu tangu tujuane.

"Kwani hujui?" akasema Mama Ngonyani. "Tulijua unajua, baba. Si mashine yako?"

Likaletwa karatasi lenyewe, limebanduliwa ukutani, pembe zake bado zina ugali wa kubandikia. Ilikuwa tanzia fupi kwenye ubao wa kusini. Hamisi wa Muheza, mdogo wake mwalimu wa kituo cha Songea, amefariki Uholanzi kwa ugonjwa wa mapafu, amekwisha kuzikwa, aliye karibu na mwalimu ampelekee habari. Mji wote ulikuwa umeisoma tangu asubuhi. Wauza nyanya wameisoma. Wanafunzi wangu wameisoma. Kila mmoja alidhani mwenye mashine ndiye wa kwanza kujua, na aliyeona sipo kituoni akasema, maskini, yuko ndani analia. Mwanaidi aliambiwa na wageni walioingia kumpa pole, na yeye akadhani nimepewa habari huko Maposeni.

Aliyeiandika hakukosea, dada, na hili ndilo linaloniuma. Ni kijana anayeitwa Rashidi, mwanafunzi huko Uholanzi, asili yake Namasakata wilaya ya Tunduru. Anwani yangu alikuwa nayo. Angeweza kuniandikia mimi mwenyewe. Lakini kwao kama kwetu, kifo hakiandikiwi mfiwa. Anatafutwa mtu wa karibu, aje, akae, aulize hali, aseme polepole. Akabandika kwenye ubao ili majirani zangu wanijie kwa miguu yao. Nao walikuja. Walikuja wote, na kuni zao na unga wao, na kila mmoja akidhani la kusema limekwisha kusemwa.

Ndiyo maana nilipopiga simu dukani sikukuambia wewe kitu. Nilisema tu Misi anaumwa sana, aitwe Baba Mdogo, na yeye ndiye niliyemwambia kweli. Nilitaka ninyi mpate habari jinsi inavyostahili kupatikana: Baba Mdogo na wazee wenzake, baada ya swala, Mama akiwa amekwisha kula. Umeniambia Baba Mdogo alimshika Mama mkono muda mrefu kabla ya kusema. Mwambie ahsante. Mkono ule nami ningeutaka.

Kituoni sheria yangu imekufa. Komba sasa anasoma kila kitu kabla ya kubandika, na akikuta tanzia anaiweka kando, anapanda ile baiskeli yake isiyo na breki, anakwenda kwa sheikh au kwa katekista, nao ndio wanaokwenda nyumbani kwa wenyewe. Bei ya mahindi inachelewa kutoka. Mpaka leo hajanuna mtu.

Sasa la Mama.

Nilimwandikia Rashidi nikamuuliza swali lile kama lilivyo. Jibu lilikawia, mvua ilikuwa imeharibu waya. Lilipokuja, Komba alilisoma kabla yangu, akafunga mlango wa kituo, akaniletea kiti, akakaa karibu, akasema, "Mtani, kaa." Amejifunza. Mimi nakuandikia maneno yenyewe ya Rashidi:

"Mwalimu, baada ya salamu, mimi ndiye niliyemwosha, tukamvisha sanda, tukamswalia. Naapa hakuzikwa kama mtu asiye na kwao. Kuhusu ulichouliza, alijua. Mimi nilikuwa nafungua ubao wa kusini nipate bei ya korosho ya mzee wangu, yeye akasikia nikitaja Songea. Tangu hapo kila Jumamosi anakuja chumbani kwangu na mkate chini ya kwapa, hajakaa anasema, 'Fungua Songea.' Anataka nisome kwa sauti. Ulipoanguka na baiskeli alicheka mpaka akatokwa na machozi. Aliwaambia wenzangu wote, 'Huyo ni kaka yangu, ndiye aliyeua redio ya Baba.' Na lile tangazo la kumtafuta tuliliona, kila ulipolifufua. Nikamwambia mjibu kaka yako. Akasema, 'Nimjibu nini? Nilimwambia Mama nimekuja kufanya kazi ya maana. Naosha meli, Rashidi. Niliosha jana, nitaosha kesho.' Siku moja alikaa kwenye mashine mwenyewe, akaandika 'Kaka, shikamoo', akaangalia sana, akafuta. Akasema Jumamosi ijayo. Jumamosi ile alikuwa hospitali."

Nimelisoma mara nyingi, dada, sijui kama linatibu au linachoma. Kuna saa nataka kumpiga makofi. Meli! Kwani Mama amewahi kumdharau mtu anayeosha kitu? Mama ametulea kwa kufua nguo za watu. Kuna saa nawaza vile nilivyokuwa naandika upuuzi wangu ubao usikae mtupu, nikidhani hakuna asomaye, kumbe chumba kimoja cha wanafunzi huko kwenye baridi kilikuwa kinacheka, na sauti kubwa kuliko zote ni ya Misi. Kile kicheko chake cha kwikwi, unakikumbuka, kinachoanza kabla ya mzaha kwisha.

Habari ya kuosha meli chagua wewe kumwambia Mama au kunyamaza. Wewe unamjua kuliko mimi. Lakini swali lake mjibu leo hii, usingoje nije. Mwambie alijua. Mwambie kila Jumamosi alikuwa anasomewa ya kwao, na kwamba alinicheka. Kwenye msiba huu Komba alishindwa kazi ya mtani, nami sikumlaumu. Marehemu ameifanya mwenyewe. Usiku ule nilipomsomea Mwanaidi jibu la Rashidi, hapo alipotaja redio, tulicheka sote wawili, tukalia, kisha tukala yale mahindi ya Maposeni yaliyobaki, yamekwisha kukauka, magumu kama mawe.

Arobaini tutakuja, mimi na Mwanaidi, Mungu akipenda barabara isikatike. Nitaleta dagaa wa Nyasa, Mama anawapenda ingawa husema wana mchanga.

Nisalimie Baba Mdogo, mshika mkono wetu. Nisalimie shemeji, mumeo, aache kupanda michungwa mvua ikinyesha, umri umekwenda. Bi Mwanahawa jirani, aliyemfundisha Misi alifu, mwambie tumezipokea dua zake. Wajomba na mashangazi wote, kila mmoja kwa heshima yake. Komba amesema nikuandikie kwamba shemeji yake uliye Muheza anakupa pole, na kwamba kaka yako hana akili. Nimemwambia mimi ni mdogo wako, si kaka yako. Amesema akili haina umri.

Ni mimi ndugu yako,
muuaji wa redio ya Baba.