Mgeni wa Kila Jumatatu

Kaka,

Huku wazima, mama anakusalimu. Tovuti ya karakana naitunza mwenyewe: kila Jumatatu naweka picha mpya na kisa cha fanicha moja, watu wasichoke kurudi. Takwimu za tovuti zinaonyesha kuna mgeni mmoja huwatangulia wote, anasoma mpaka mwisho, wala hanunui. Nikajua tu ni mpinzani anatuibia mitindo. Nikamtega: nikaandika humo eti baba kakatwa kidole na msumeno. Sikumwambia mtu.

Mchana huohuo ukampigia mama simu, wewe uliyetununia miaka miwili tangu ugombane na baba: “Kidole chake vipi?”

Baba mzima. Nilipomweleza mgeni wetu ni nani, aliendelea kupiga randa, kisha akasema, “Jumatatu usichelewe kuandika.”

Mdogo wako, ninayekuona.